Kadi haijaungua: draiva ya NVIDIA inapokataa kerneli uliyoikompaili mwenyewe

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo Ujiji, Kigoma, na kazi yangu ni kuhariri video za harusi kwa Kdenlive kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba yenye Debian 12 na kadi ya GeForce GT 710. Niliambiwa kwamba kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo wa Linux, itafanya video zitoke haraka, kwa hiyo nikapakua chanzo cha kerneli 6.6.30 na kuikompaili, ili niachane na ile 6.1 iliyokuja na Debian. Nilitumia make localmodconfig kufupisha muda. Baada ya kuwasha upya, skrini imebaki nyeusi, ina kistari tu kinachowaka na kuzimika kwenye pembe ya juu kushoto. Nikichagua kerneli ya zamani, kila kitu kinaonekana. Nimesakinisha draiva ya NVIDIA 470.256.02 mara tatu kwa faili la .run, na mara zote tatu limeniambia kwamba usakinishaji umefanikiwa, lakini kerneli mpya bado ni giza. Folda niliyokompailia nimeifuta kwa sababu diski ilikuwa inajaa. Fundi mmoja ameniambia kadi imeungua, ninunue nyingine. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Usinunue kadi. Kadi iliyoungua haichagui kerneli: ingekuwa imeungua, ingeikataa 6.1 kama inavyoikataa 6.6. Wewe mwenyewe umeandika kwamba kwa kerneli ya zamani kila kitu kinaonekana, na sentensi hiyo peke yake inatosha kumjibu fundi wako. Kama kuna harusi ambayo wenyewe wanasubiri video yao, washa kompyuta kwa kerneli ya zamani, malizia kazi, ipeleke, kisha ndipo urudi kwenye shughuli hii, kwa sababu hakuna kitu katika tatizo lako kitakachoharibika zaidi kwa kusubiri siku mbili.

Katika barua yako kuna mambo matatu uliyoyataja kama ya kupita tu: kwamba ulitumia localmodconfig, kwamba faili la .run limekuambia mara tatu limefanikiwa, na kwamba umeifuta folda ya kukompailia. Kwangu mimi hayo matatu ndiyo tatizo lenyewe, na nitayachukua moja moja. Lakini kwanza inafaa ujue kwa nini draiva iliyokuwa inafanya kazi jana ikatae leo ilhali hakuna aliyeigusa.

Kerneli ya Linux ina uhusiano wa aina mbili na programu nyingine. Kwa programu za kawaida kama Kdenlive, Linus Torvalds amekuwa mkali kwa miaka mingi kwamba kerneli mpya isivunje programu iliyokuwa inafanya kazi kwenye ya zamani. Kwa moduli, yaani vipande vya programu vinavyoingia ndani ya kerneli yenyewe, hakuna ahadi ya namna hiyo. Majina ya kazi za ndani, idadi ya vitu zinavyopokea na mpangilio wa data vinaweza kubadilika toleo hadi toleo, na jambo hilo halikufichwa, kwani limeandikwa wazi katika nyaraka za kerneli, kwenye andiko la Greg Kroah-Hartman linaloeleza kwa nini waandishi wa kerneli hawataki kufungwa na ahadi hiyo. Draiva zinazoishi ndani ya chanzo cha kerneli hazipati shida, kwa sababu anayebadilisha jambo hurekebisha na draiva zote zinazolitumia. Draiva yako ya NVIDIA ya tawi la 470 inaishi nje, kwa hiyo ni lazima ijengwe upya kwa kila kerneli unayotaka kuitumia.

Sisi wa Tabora tunaishi kwenye njia panda ya reli, kwa hiyo niruhusu mfano wa kwetu. Behewa la reli ya kati limeundwa kwa njia yenye upana wa milimita 1,000, na njia ya SGR ina upana wa milimita 1,435. Chukua behewa zima kabisa, lenye breki nzuri, lililotoka Kigoma jana bila kasoro, ulipeleke kwenye SGR: halitakaa. Hakuna fundi wa reli atakayesema behewa limeungua. Moduli ya draiva nayo imeundwa kwa upana wa kerneli moja, na upana huo umeandikwa ndani yake katika mstari unaoitwa vermagic, wenye jina kamili la kerneli na baadhi ya mipangilio yake. Kerneli huusoma mstari huo kabla ya kuipokea moduli, na usipolingana na wake, moduli hairuhusiwi kuingia.

Sasa tuje kwenye usakinishaji wako wa mara tatu. Kila kerneli ina folda yake ya moduli chini ya /lib/modules, na jina la folda hiyo ndilo lile unaloliona ukiandika amri ya uname -r. Faili la .run, usipoliambia vingine, huitazama kerneli inayofanya kazi wakati ule, hujenga moduli kwa ajili yake, na kuiweka kwenye folda yake. Wewe ulikuwa unalisakinisha ukiwa wapi? Ndani ya kerneli ya zamani, kwa kuwa ndiyo pekee inayokuonesha kitu. Maana yake umeijengea kerneli 6.1 draiva mara tatu, nayo ilikuwa tayari inayo, na folda ya 6.6.30 haijapata hata moduli moja ya NVIDIA. Ujumbe kwamba usakinishaji umefanikiwa ulikuwa wa kweli kila mara. Uliihusu kerneli nyingine tu. Kosa hili nimeliona kwa watu waliosomea kazi hii, na sababu ni hiyo hiyo ya kuamini neno la mafanikio bila kuuliza limefanikiwa wapi. Hakikisha mwenyewe kwa mstari mmoja, ukiwa ndani ya kerneli ya zamani:

modinfo -k 6.6.30 -F vermagic nvidia

Kwa hali uliyoieleza, natarajia utajibiwa kwamba moduli ya nvidia haipo. Rudia amri hiyo hiyo ukiondoa sehemu ya -k 6.6.30, na utauona mstari unaoanza na 6.1. Hapo utakuwa umelithibitisha tatizo bila kutumia hata kilobaiti moja ya bando.

Pengine utasema: basi nitaliambia faili la .run lijenge kwa ajili ya 6.6.30. Inawezekana, kwa sababu linakubali chaguo la -k likifuatiwa na jina la kerneli. Lakini hapo ndipo folda uliyoifuta inapokudai. Ili draiva ijengwe, inahitaji mafaili ya heda ya kerneli husika, yaani yale yanayoeleza kazi zake za ndani, pamoja na mipangilio iliyotumika kuikompaili, na mahali pa kuyatafuta ni kiungo kinachoitwa build ndani ya /lib/modules/6.6.30. Ulipoandika make modules_install, kiungo hicho kilielekezwa kwenye folda uliyokompailia, pengine ndani ya folda yako ya nyumbani. Andika ls -l /lib/modules/6.6.30/build uone: kiungo kipo, mara nyingi kimepakwa rangi nyekundu, nacho kinaelekeza mahali pasipokuwapo tena. Ukijaribu kujenga draiva kwa hali hiyo, utaambiwa chanzo cha kerneli hakipatikani.

Sikulaumu kwa kuifuta. Mipangilio ya Debian huweka taarifa za utatuzi katika kila moduli, na folda ya kukompailia yenye taarifa hizo hufura kwa gigabaiti nyingi sana. Dawa ni kuziondoa taarifa hizo kabla ya kuanza, pamoja na kuitengeneza kerneli kwa njia inayozihifadhi heda katika kifurushi chake, ili folda kubwa uweze kuifuta kwa amani. Nitalirudia hilo chini.

Jambo la tatu ni localmodconfig. Ni amri nzuri kwa mtu mwenye kompyuta ya taratibu, kwa kuwa huangalia moduli zilizopakiwa wakati ule na kuzizima zote nyingine, na hivyo kazi ya kutwa nzima inaweza kushuka hadi saa moja au mbili. Lakini fikiria ilichokiona siku ile. Draiva ya NVIDIA ilikuwa kazini, kwa hiyo nouveau, draiva huria ya kadi hizi iliyomo ndani ya kerneli, haikuwa imepakiwa. Localmodconfig ikaihesabu kuwa haihitajiki, ikaizima. Ya NVIDIA yenyewe haimo katika chanzo cha kerneli, kwa hiyo haikuwa na namna ya kuiwasha. Matokeo yake umepata kerneli isiyo na draiva ya kampuni wala draiva huria ya kuizibia pengo. Ndiyo maana hukuona hata picha mbovu yenye herufi kubwa kubwa. Umeona kistari tu. Kistari hicho, kwa njia, ni habari njema, kwa sababu mara nyingi kinaonesha kerneli iko hai na inasubiri. Ukibonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, kuna uwezekano mkubwa utaombwa jina na nenosiri katika maandishi.

Kuna madhara mengine ya amri hiyo ambayo watu wengi hawayajui, na mimi mwenyewe sikuyajua hadi yaliponipata. Moduli ya nvidia-drm, ile inayounganisha draiva ya NVIDIA na mfumo wa kuchora wa kerneli, huegemea sehemu ya kerneli iitwayo DRM_KMS_HELPER. Sehemu hii haina swali lake katika menyu ya mipangilio. Huwashwa tu pale draiva nyingine ya grafiki inapoihitaji. Katika mashine ambayo NVIDIA ndiyo grafiki pekee, ukizima nouveau na wenzake wote, DRM_KMS_HELPER nayo hutoweka kimya kimya, kisha Xorg, programu inayochora mazingira ya picha, hushindwa kuigundua kadi yenyewe, au utaona katika kumbukumbu za kerneli maneno “Unknown symbol” yakifuatiwa na jina linaloanza na drm. Kwa hiyo hata kama ungeijenga draiva kwa ajili ya 6.6.30 uliyonayo, huenda ungetoka kwenye giza moja ukaingia kwenye lingine. Ushauri wangu ni kuiacha nouveau iwe moduli, yaani m, hata kama huna nia ya kuitumia. Usiiweke y. Ikiwa y huwa imeunganishwa ndani ya kerneli moja kwa moja, orodha ya kukataza moduli iliyoko kwenye /etc/modprobe.d haiwezi kuizuia, nayo itaishika kadi kabla NVIDIA haijafika. Dalili yake ni ujumbe unaoanza na “NVRM: The NVIDIA probe routine was not called”, na chini yake nouveau imetajwa kwa jina.

Kabla ya kurekebisha chochote, jizoeze kusoma kilichotokea gizani, maana hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mtu wa kubahatisha. Iwashe kerneli mpya, isubiri dakika moja ikiwa nyeusi, kisha ibonyeze swichi ya kuwashia mara moja bila kuishikilia, ili kompyuta ijizime kwa utaratibu. Washa tena kwa kerneli ya zamani, uandike:

sudo journalctl -k -b -1

Alama ya -b -1 inamaanisha kipindi cha kuwaka kilichotangulia, kwa hiyo utasoma maneno ya kerneli mpya ukiwa umekaa salama ndani ya ya zamani. Debian 12 huyahifadhi kwenye diski yenyewe, hivyo hayapotei. Tafuta nvidia, NVRM, nouveau na drm. Ukikuta hakuna hata neno moja la NVIDIA, moduli haipo. Ukikuta “version magic” ikifuatiwa na majina mawili yasiyofanana, au “disagrees about version of symbol”, moduli ipo lakini ni ya njia nyingine ya reli. Hilo huwapata sana wanaokompaili mara ya pili bila kubadilisha jina la kerneli, na ya kwanza ikaacha moduli zake kwenye folda ile ile. Ukikuta “Key was rejected by service”, suala ni sahihi ya kidijitali. Kwako sidhani, kwa sababu Secure Boot, ule ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka, ingekuwa imewashwa, kerneli yako isiyo na sahihi isingewaka kabisa.

Sasa matengenezo. Faili la chanzo lenye mwisho wa .tar.xz natumaini bado unalo, maana ni zaidi ya megabaiti 130 na bando halijawa la bure. Lifungue upya mahali penye nafasi, ingia ndani ya folda yake, na uchukue mipangilio yako ya awali, ambayo make install iliiacha kwenye /boot:

cp /boot/config-6.6.30 .config
scripts/config --module DRM_NOUVEAU
scripts/config --set-str LOCALVERSION "-ujiji2"
make olddefconfig

Mstari wa tatu unaonekana kama pambo, lakini ndio unaokulinda. Kerneli itaitwa 6.6.30-ujiji2, itapata folda yake yenyewe ya moduli, na haitachanganyika na ile ya kwanza. Kila unapobadilisha mipangilio na kukompaili tena, ongeza namba. Kisha fungua make menuconfig, nenda kwenye Kernel hacking, halafu Compile-time checks and compiler options, na katika Debug information uchague kutoziweka kabisa. Ukiwa humo humo, hakikisha vifaa ambavyo havikuwa vimechomekwa siku ile havikutupwa: kisoma kadi cha kamera, modemu ya USB, printa. Localmodconfig haikujua kwamba Jumamosi huwa unachomeka kamera.

Usitumie tena make install. Andika hivi:

make -j4 bindeb-pkg

Ikimaliza, juu ya folda ya chanzo utakuta vifurushi vya .deb. Unavyovihitaji ni viwili: kinachoanza na linux-image-6.6.30-ujiji2 na kinachoanza na linux-headers-6.6.30-ujiji2. Visakinishe vyote viwili kwa dpkg -i katika amri moja. Hicho cha pili ndicho kitakachokaa mahali pa folda uliyoifuta, nacho ni kidogo sana ukilinganisha nayo. Sasa ukifuta chanzo, hakuna kinachovunjika.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna kitu kilichonipotezea usiku mzima. Kompyuta moja niliyoitengeneza hapa Tabora ilikuwa na sehemu ndogo ya /boot, kama walivyokuwa wakizigawa zamani. Kerneli niliyoikompaili ilikuwa na taarifa zote za utatuzi, na initramfs yake, lile faili dogo linalopakiwa kwanza kabla ya diski kufunguliwa, halikuwa dogo tena, lilikuwa la mamia ya megabaiti. /boot ikajaa katikati ya kuliandika. Ujumbe wa kukosa nafasi ulipita juu kwenye skrini, mimi nilikuwa nimekwenda kunywa chai. Niliporudi nikaona mistari ya mwisho haina kosa, nikawasha upya, na kompyuta haikufika popote. Nilibadilisha draiva mara nne kabla ya kufikiria kuandika df -h /boot. Iandike sasa, kabla ya kusakinisha, na baada ya kusakinisha uiandike tena. Na kama umeme wa mtaani kwenu hukatika bila taarifa, usianze hatua hii jioni ambayo taa zimeshapepesa mara mbili.

Baada ya hapo inakuja draiva. Kwa kawaida ningekushauri utumie kifurushi cha Debian chenyewe, ambacho kwa kadi yako ni nvidia-tesla-470-driver kutoka sehemu ya non-free, kwa kuwa nvidia-driver ya kawaida ya Debian 12 haiitambui tena familia ya Kepler ambayo GT 710 yako imo. Lakini wewe tayari una faili la .run la 470.256.02, lenye zaidi ya megabaiti 200, na halina tatizo, kwa hiyo tulitumie hilo, mradi tu usichanganye njia hizi mbili katika kompyuta moja. Anayechanganya huishia na moduli ya toleo moja na maktaba za toleo jingine, na ujumbe wa “API mismatch” utamsindikiza kwa wiki nzima.

Sakinisha kwanza kifurushi kidogo kinachoitwa dkms. Kazi yake ni kuihifadhi draiva katika hali ya chanzo na kuijenga upya yenyewe kila kerneli mpya inapoingia na heda zake. Kilianzia Dell, waliochoka na tatizo hili hili kwenye seva zao. Kisha, ukiwa ndani ya kerneli ya zamani, funga mazingira ya picha na usakinishe tena, safari hii ukiwa na neno moja la nyongeza:

sudo systemctl isolate multi-user.target
sudo sh NVIDIA-Linux-x86_64-470.256.02.run --dkms
sudo dkms autoinstall -k 6.6.30-ujiji2
dkms status

Amri ya mwisho inapaswa kuonesha mistari miwili ya nvidia, mmoja wa 6.1 na mwingine wa 6.6.30-ujiji2, yote ikiishia na neno installed. Usiwashe upya bado. Tengeneza upya initramfs kwa sudo update-initramfs -u -k all, kisha urudie swali letu la mwanzo kwa jina jipya:

modinfo -k 6.6.30-ujiji2 -F vermagic nvidia

Unatafuta mstari unaoanza na 6.6.30-ujiji2 na kuendelea na maneno kama SMP preempt mod_unload modversions. Ukiuona huo, behewa limeundwa kwa upana wa njia yake, na sasa una haki ya kuwasha upya.

Kama dkms itagoma katikati ya kujenga, isome kumbukumbu yake katika /var/lib/dkms/nvidia/470.256.02/build/make.log, nawe usianzie mwisho. Tafuta neno error la kwanza kabisa, kwa sababu yanayofuata mara nyingi ni watoto wa lile la kwanza. Ikilalamikia kazi ya ndani isiyokuwapo au yenye idadi isiyo sahihi ya vitu inavyopokea, ni kwamba kerneli imeitangulia draiva. Mifano ya kweli ipo: ioremap_nocache iliondolewa katika kerneli 5.6, na get_user_pages ikapunguziwa kitu kimoja katika 6.5, na kila badiliko la namna hiyo liliziacha draiva za NVIDIA za kabla yake zikiwa haziwezi kujengwa bila kurekebishwa. Wewe una toleo la mwishoni mwa tawi la 470, kwa hiyo hilo silitarajii kwa 6.6. Litakuhusu siku utakapotamani kerneli mpya zaidi, kwa kuwa NVIDIA wameshaacha kulihudumia tawi hilo, na kerneli haitawasubiri.

Liko jambo jingine la kuangalia baada ya usakinishaji wa mara tatu: faili la /etc/X11/xorg.conf. Kisakinishi cha NVIDIA huuliza kama kiliandike, na wengi hujibu ndiyo kwa uchovu. Faili hilo likiwa na mstari unaotaja nvidia kuwa ndiyo draiva, Xorg haitajaribu nyingine yoyote moduli ikikosekana. Itasema “no screens found” na kufa. Kwa kompyuta ya skrini moja kama yako halihitajiki. Lihamishe, usilifute, kwa mfano liite xorg.conf.zamani.

Ukishawaka, andika nvidia-smi uone kama kadi inatajwa kwa jina, kisha glxinfo | grep renderer kutoka kifurushi cha mesa-utils. Jibu likiwa llvmpipe, picha inachorwa na prosesa na si kadi, hata kama skrini inaonekana safi. Kdenlive itakwama kila unapoburuta kipande. Na ile kerneli yako ya kwanza ya giza, iondoe kwa mkono: mafaili yake ndani ya /boot na folda ya /lib/modules/6.6.30, kisha update-grub. Katika kuyafuta, usiandike nyota baada ya 6.6.30, utafuta na ujiji2. Ile ya 6.1 usiiguse hata kidogo.

Kwa wasomaji wenye grafiki za Intel au AMD, sehemu kubwa ya haya haiwahusu, kwa sababu i915 na amdgpu zimo ndani ya kerneli. Kwao giza baada ya kukompaili hutokana mara nyingi na femuwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe: ukiiweka draiva kuwa y, huamka kabla diski haijafunguliwa na kukosa mafaili yake ya /lib/firmware, na ujumbe huwa “Direct firmware load” ukiishia na error -2. Iweke m, tengeneza upya initramfs, na tatizo hilo huisha.

Kuhusu kasi uliyoahidiwa, sitakuficha. Kutoa video katika Kdenlive ni kazi ya prosesa, kumbukumbu na diski, na sijawahi kuona kutoka 6.1 kwenda 6.6 kukipunguza muda wa kutoa video ya harusi kwa kiasi cha mtu kukihisi bila saa mkononi. Pima mwenyewe: chukua kipande cha dakika 5, kitoe kwa mipangilio ile ile katika kerneli zote mbili, uandike muda. Zikilingana, baki na 6.1, ambayo Debian wanailetea marekebisho ya usalama, na gharama ya kadi uliyotaka kununua iweke kwenye diski ya SSD.

Baada ya hatua hizi zote, kama mstari wa vermagic umetoka sawasawa na skrini bado ni nyeusi, niandikie tena ukiambatisha majibu ya dkms status, maneno ya journalctl niliyokuelekeza, na mistari 40 ya mwisho ya /var/log/Xorg.0.log. Picha ya skrini nyeusi usinitumie. Hizo ninazo nyingi.